Morgan ya Malvern ilijengwa na mashindano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nijibu makala mliyoichapisha Jumamosi iliyopita kuhusu magari ya spoti ya Uingereza. Mwandishi wenu amewapa Jaguar, Lotus na Aston Martin haki yao, na hapo sina ugomvi naye. Lakini alipofika kwa kampuni ya Morgan ya mji wa Malvern, aliimaliza kwa sentensi mbili tu: kwamba ni gari la mapambo la matajiri wapendao vitu vya kale, lenye chasisi ya mbao, na kwamba halina historia ya mashindano inayostahili kutajwa. Sentensi zote mbili zina makosa, na la pili ni zito zaidi, kwa sababu kampuni hii, ambayo kwa zaidi ya miaka 100 ilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja, haikusubiri kutajirika ndipo iende mashindanoni kutafuta sifa. Ilipata wateja wake wa kwanza kwa sababu tayari ilikuwa mashindanoni.

Nianze na chasisi, kwa kuwa jambo lake ni fupi. Magari ya Morgan ya magurudumu manne, tangu yalipoanza kuuzwa mwaka 1936, yalijengwa juu ya chasisi ya chuma hadi aluminiamu ilipoanza kutumika, na yale ya magurudumu matatu yaliyotangulia yalikuwa na fremu ya mabomba ya chuma. Mbao zimo, lakini zimo katika bodi. Mafundi seremala wa kiwanda huunda kiunzi kwa mbao za mti uitwao ash, ambazo Waingereza huzitumia pia kwa mipini ya nyundo na majembe kwa sababu hupokea mtikisiko bila kupasuka, kisha bati hukunjwa na kufungwa juu ya kiunzi hicho. Ni njia ya kale, ndiyo, lakini hutoa bodi nyepesi, na wepesi ndio uliolipa gari hili sehemu kubwa ya ushindi wake.

Mwanzilishi, Henry Frederick Stanley Morgan, ambaye wapenzi wa gari hili hadi leo humtaja kwa herufi zake tu, H.F.S., alizaliwa mwaka 1881, mtoto wa kasisi wa Kianglikana aliyehudumu katika kijiji cha Stoke Lacy, Herefordshire. Alijifunza ufundi katika karakana za reli ya Great Western mjini Swindon, kisha akafungua gereji Malvern Link. Mwaka 1909, akisaidiwa na William Stephenson-Peach, mwalimu wa ufundi wa shule ya Malvern College, aliunda gari la magurudumu matatu kwa matumizi yake mwenyewe. Msomaji anayefikiria bajaji ya mitaani kwetu aigeuze kichwani: magurudumu mawili yalikuwa mbele na moja nyuma, na injini ya silinda mbili, ya aina iliyotumika katika pikipiki, ilikaa mbele kabisa, puani mwa gari. Mpango huo uliweka uzito mahali panapohitajika wakati wa kukata kona, na kwa hiyo gari halikuwa jepesi kupinduka kama wengi walivyodhani walipoliona kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1910 alilipeleka kwenye maonyesho ya Olympia, London. Lilikuwa na kiti kimoja, na watu walilitazama zaidi kuliko walivyoliagiza. Kwa fundi kijana aliyetegemea mtaji wa baba yake kasisi, hapo pangeweza kuwa mwisho wa safari. Alichofanya H.F.S. ni kuliingiza gari lake katika mashindano ya kutoka London kwenda Exeter na kurudi, mwishoni mwa Desemba ya mwaka huohuo, akaliendesha mwenyewe katika baridi na giza la majira yale, na akarudi na medali ya dhahabu.

Hapa inafaa nieleze aina ya mashindano hayo, kwa sababu nadhani ndipo mwandishi wenu alipopotea. Hayakuwa mbio za nani kafika kwanza. Yalikuwa mashindano ya uvumilivu wa chombo: gari lilitakiwa lipite njia ndefu usiku kucha, lifike kila kituo kwa muda uliopangwa, wala si kabla yake, na lipande vilima vikali vya kusini magharibi mwa Uingereza bila kusimama hata mara moja, maana kusimama katikati ya mwinuko kulipoteza alama. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu juu ya heshima ya mashindano ya namna hii. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yalipangwa kwa makundi kulingana na bei yake, na yalitakiwa yawe magari yaleyale ambayo mtu angeweza kuyanunua dukani. Na sisi sote tunajua kwamba gari lililofika salama kutoka kwenye tope na mawe yale liliuzika kuliko tangazo lolote. Morgan alikuwa ameielewa biashara hiyo zaidi ya miaka 40 kabla.

Baada ya medali, alitengeneza gari la viti viwili, duka kubwa la Harrods la London likaliweka dirishani, na mwaka 1912 kampuni ikaandikishwa rasmi, kasisi akiwa mwenyekiti wake. Novemba ya mwaka huo H.F.S. aliingia mwenyewe katika uwanja wa mbio wa Brooklands na kwa saa moja akakimbia karibu maili 60, yaani kama kilomita 96, kwa gari lenye injini ya aina ya pikipiki. Mwaka uliofuata, 1913, mteja wake W.G. McMinnies alilipeleka gari la Morgan huko Amiens, Ufaransa, kwenye mashindano makubwa ya magari madogo mepesi. Njiani alilazimika kusimama kubadilisha mpira wa tairi, na bado akamaliza wa kwanza. Wafaransa walipinga matokeo hayo kwa hoja kwamba chombo cha magurudumu matatu kihesabiwe pamoja na pikipiki zenye kigari cha pembeni, wakampa ushindi wa magari yule aliyeendesha Bédélia, gari la kwao. Malvern walijibu kwa kuunda modeli mpya na kuiita Grand Prix, wakaiuza kwa yeyote aliyetaka gari kama lile lililokimbia Amiens. Mimi naliona jibu hilo kuwa la heshima kuliko rufaa yoyote.

Tunaposema kampuni ya kifamilia, mara nyingi tunamaanisha tu kwamba hisa ziko kwa ndugu. Kwa akina Morgan neno hilo lilikuwa na uzito zaidi. H.F.S. aliendesha katika mashindano akiwa ndiye mkuu wa kiwanda, mkewe Ruth akikaa kando yake kama abiria, na dada yake Dorothy akashindana kwa gari lake mwenyewe. Meneja wa kiwanda, George Goodall, naye alishindana, na baada yake mwanawe Jim. Kilichovunjika njiani Jumamosi kilijulikana karakanani Jumatatu asubuhi, kwa sababu aliyevunjikiwa ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuamuru kibadilishwe. Sijui njia bora zaidi ya kutengeneza gari ambayo kampuni yenye wahandisi mia moja imewahi kuigundua.

Mfano mmoja wa kiufundi utaonyesha ninachosema. Tangu gari la kwanza la mwaka 1909, magurudumu ya mbele ya Morgan yalipanda na kushuka kila moja kwa uhuru wake, yakiteleza juu ya nguzo ya wima iliyozungushiwa springi, wakati ambapo karibu magari yote ya zama hizo yalikuwa na ekseli moja ngumu mbele, kiasi kwamba shimo la kushoto lilimtetemesha dereva hadi gurudumu la kulia. Mpango huo ulizaliwa katika kigari cha magurudumu matatu, ukajaribiwa kwenye vilima vya mashindano, na ukaendelea kutumika katika Morgan za kawaida hadi karne hii ya 21. Walioyaendesha wanakubali kwamba yalikuwa magumu mgongoni. Lakini kona yaliikata kwa uhakika, na dereva alijua wakati wote matairi yake ya mbele yanafanya nini.

Miaka ya 1920 ilileta majaribu. Mwaka 1924, katika mbio za maili 200 za Brooklands, gari la Morgan la E.B. Ware lilipata ajali mbaya, yeye na fundi wake wakaumia vibaya, na magari ya magurudumu matatu yakazuiwa kushindana pamoja na yale ya magurudumu manne. Sifichi jambo hilo, kwa kuwa ni sehemu ya historia. Hata hivyo, ukoo huu na wateja wake waliendelea kutafuta mahali pa kukimbilia, na katika uwanja wa Montlhéry, karibu na Paris, mwanamke Mwingereza, Gwenda Stewart, ambaye baadaye aliitwa Gwenda Hawkes, aliweka rekodi kadhaa kwa Morgan ya magurudumu matatu, akipita mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Msomaji ajaribu kuwaza mwendo huo, mwaka 1930, juu ya magurudumu matatu membamba, dereva akiwa amekaa wazi upeponi.

Kisha magari madogo ya bei nafuu ya magurudumu manne, Austin Seven yakiwa mbele yao, yalianza kuwachukua wanunuzi, na nafuu ya kodi iliyokuwa imeyabeba magari ya magurudumu matatu ikapungua thamani. Morgan akajibu kwa gari la magurudumu manne na silinda nne, ndiyo maana likaitwa 4-4. Na kabla halijaonyeshwa kwa umma mwaka 1936, alikuwa amekwisha kulijaribu mahali palepale alipoanzia, katika mashindano ya London kwenda Exeter ya Desemba 1935. Miaka miwili baada ya kuanza kuuzwa, gari hilo lilifika Le Mans, Ufaransa, kwenye mbio mashuhuri za saa 24 bila kukoma. Mwaka 1938 Prudence Fawcett, mwanamke ambaye hakuwa na uzoefu mkubwa wa mbio, akipokezana usukani na Geoffrey White, alimaliza saa 24 katika nafasi ya 13 kwa jumla, kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,100. Mwaka uliofuata White alirudi na Dick Anthony, wakamaliza wa 15. Kisha vita vikaja.

Baada ya vita, mwaka 1950, likatoka gari la Plus 4 lenye injini kubwa zaidi, na mwanzoni mwa muongo huo timu ya Morgan ikatwaa tuzo ya timu katika mashindano ya RAC, klabu ya kifalme ya magari, ya kuzunguka Uingereza. Mmoja wa madereva wake alikuwa Peter Morgan, mtoto wa H.F.S., ambaye aliishika kampuni baba yake alipofariki mwaka 1959.

Sasa nimefika kwenye tukio ambalo, Ndugu Mhariri, peke yake lingetosha kuikanusha makala yenu. Chris Lawrence alikuwa fundi wa injini na dereva, mtu wa kujitegemea, asiyeajiriwa na kiwanda. Alikuwa na Plus 4 yenye namba za usajili TOK 258, gari la kawaida la barabarani, ambalo alilishughulikia kwa subira: aliisawazisha injini ya Triumph iliyokuwa ndani yake, akaifunga kabureta za Weber, na mwaka 1959 akashinda nalo taji la ubingwa la Freddie Dixon nchini Uingereza. Mwaka 1961 alilipeleka Le Mans. Wakaguzi walilitazama umbo lake, madigadi yake marefu yaliyojikunja, uso wake ambao ulikuwa bado ni wa miaka ya 1930, wakalikataa kwa hoja kwamba ni gari lililopitwa na wakati. Kwa maneno mengine, walilihukumu kama mwandishi wenu alivyolihukumu, kwa sura.

Mwaka 1962 Lawrence alirudi na TOK 258, safari hii kiwanda kikiwa nyuma yake na Richard Shepherd-Barron akiwa dereva mwenza. Hawakulipakia kwenye lori. Waliliendesha barabarani kutoka Uingereza. Mbele yao walikuwapo Ferrari, na hakuna aliyetarajia Morgan ishindane nazo kwa mwendo. Ushindi wa jumla ulikwenda kwa Phil Hill na Olivier Gendebien katika Ferrari yenye injini ya karibu lita 4. Lakini katika mbio za saa 24, wenye mwendo mkubwa huanza kupungua giza linapoingia: giaboksi zinavunjika, injini zinachemka, taa zinazimika. Morgan iliendelea. Ilitia mafuta, ikabadilisha madereva, ikarudi njiani, saa baada ya saa, kwa wastani wa karibu maili 94 kwa saa, yaani takriban kilomita 151, ukihesabu ndani yake na muda wote wa kusimama. Saa 24 zilipotimia ilikuwa ya 13 kwa jumla na ya kwanza katika kundi la injini za hadi lita 2. Lawrence na Shepherd-Barron walilichukua gari hilohilo lililoshinda wakaliendesha kurudi nyumbani.

Naomba wasomaji walitafakari jambo hilo la mwisho. Leo gari la Le Mans likimaliza mbio hubebwa na kufunguliwa lote, na hakuna awezaye kwenda nalo sokoni. Gari la mwaka 1962 lilikuwa kaka wa yale yaliyokuwa yakitoka Malvern kila wiki. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kuweka kazi ya Lawrence katika modeli ya kuuza iliyoitwa Super Sports, na zikatengenezwa zaidi kidogo ya 100. Mteja aliyenunua mojawapo hakununua stika na rangi za timu. Alinunua injini iliyoandaliwa kwa mikono ya watu walioshinda. Kama hiyo si historia ya mashindano, sijui mwandishi wenu anaitafuta wapi.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Mwaka 1968 Peter Morgan alitoa Plus 8, yenye injini ya Rover ya silinda nane, gari jepesi lenye nguvu nyingi lililokimbia viwanjani kwa miongo kadhaa mikononi mwa wamiliki wa kawaida. Mwaka 1990 mfanyabiashara mashuhuri Sir John Harvey-Jones alikitembelea kiwanda kwa ajili ya kipindi cha televisheni ya BBC, akashangazwa na foleni ya wateja iliyokuwa ya miaka mingi, akawashauri wazalishe kwa wingi na kuachana na njia zao za zamani. Peter na mwanawe Charles waliukataa ushauri huo mbele ya nchi nzima. Wengi walicheka wakati ule. Lakini Charles, aliyekuwa mpiga picha wa ITN, shirika la habari za televisheni la Uingereza, kabla ya kujiunga na kampuni, alikuwa na mpango wake wa kuibadilisha Morgan, nao ulikuwa mpango wa ukoo: katikati ya miaka ya 1990 aliingia mwenyewe katika mashindano ya kimataifa ya magari ya GT, yaani magari ya spoti yenye asili ya barabarani, kwa Plus 8 yenye chasisi mpya ya aluminiamu, akishirikiana na Chris Lawrence yuleyule wa Le Mans, ambaye sasa alikuwa amekuja kufanya kazi kiwandani. Yaliyojifunzwa katika mbio hizo ndiyo yaliyozaa Aero 8 ya mwaka 2000, gari la kwanza la Morgan kuuzwa likiwa na chasisi ya aluminiamu. Kwa hiyo hata siku kampuni hii ilipoanza kuiacha chasisi yake ya miaka zaidi ya 60, mlango iliopitia ulikuwa wa mashindano.

Ili niwe mwaminifu, ninatenganisha na hayo ushindi wa mwaka 2013, wakati jina la Morgan lilipokuwa juu ya gari lililoshinda kundi la LMP2, la magari yaliyoundwa kwa mbio tu, huko Le Mans. Gari hilo lilikuwa la timu ya Kifaransa ya OAK Racing, lenye injini ya Nissan, na Morgan ilikuwamo kwa jina kwa makubaliano ya pande mbili. Wapo wanaolihesabu katika orodha ya ushindi wa Malvern. Mimi silihesabu, kwa sababu mteja wa Malvern hakupata chochote cha gari lile katika gari alilonunua.

Mwaka huohuo wa 2013 Charles Morgan aliondolewa katika uongozi wa kampuni iliyoasisiwa na babu yake, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya hisa ilinunuliwa na Investindustrial, kampuni ya uwekezaji yenye asili ya Italia, ukoo ukibaki na hisa chache. Sina kinyongo na wamiliki wapya, ambao wameendelea kujenga magari katika kiwanda kilekile cha barabara ya Pickersleigh, Malvern, na mwaka 2022 wametoa tena gari jipya la magurudumu matatu. Wasiwasi wangu ni mwingine. Ukoo unapoondoka, kumbukumbu zake hubaki mikononi mwa waandishi, na mwandishi akiandika kwamba hapakuwa na kitu, msomaji kijana ambaye hana pa kuhakikisha ataamini.

Kwa hiyo naomba gazeti lichapishe masahihisho mawili: kwamba chasisi ya Morgan haikuwa ya mbao, na kwamba Morgan ilishinda kundi lake katika saa 24 za Le Mans mwaka 1962, ikiwa imeendeshwa barabarani kwenda na kurudi. Mwandishi wenu ana kalamu nzuri, na sura yake juu ya Lotus niliisoma kwa furaha. Iwapo atairudia mada hii mwezi Juni, mbio za Le Mans zitakapokaribia, ningependa sana asome habari za TOK 258 kabla hajaanza kuandika.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi, Tanga